Hakuna taa inayojiwasha yenyewe

Katika sarufi ya Kiswahili kuna kiambishi kidogo mno, chenye herufi mbili tu, ambacho siku hizi kinabebeshwa mzigo unaozidi kimo chake. Ni kiambishi "ji". Tunasema mtoto anajikuna, mwizi amejificha, bwana harusi amejipamba. Na kwa kuwa lugha haikosi la kusema, tumepiga hatua zaidi tukawa twasema kwamba taa inajiwasha, lango linajifungua na pampu ya maji inajizima.

Katika mifano ile ya kwanza, mtenda na mtendwa ni mmoja, na hapana anayedanganywa. Katika mifano ya pili, kiambishi chetu kinatuficha jambo. Taa haina nia. Lango halina macho ya kumtambua mwenye nyumba. Yuko mtu, mahali fulani, aliyeketi akafikiri, kisha akaandika sharti: jambo hili likitokea, lile lifanyike. Mtambo unaojiendesha ni sentensi ya masharti iliyovishwa waya.

Basi swali ninalotaka kuliuliza leo, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wetu, ni hili: Ni nani anayeandika masharti yanayoendesha nyumba zetu? Na je, kijana wa Kenya anaweza kuyaandika mwenyewe, tena akianza kwa lugha anayoifahamu?

Mimi ni mtu wa isimu. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitumia saa zangu za mapumziko katika stoo iliyo nyuma ya nyumba, nikilehemu nyaya na kuunganisha vihisi. Wenzangu hunicheka wakidhani nimeikimbia taaluma yangu. Ukweli ni kwamba ndani ya stoo hiyo nimekutana na sarufi kwa njia ambayo ubao wa darasani haukuwahi kunionyesha.

Kazi hii ya mtu kujitengenezea mitambo ya nyumbani haikuanza jana. Mnamo miaka ya 1965 na 1966, mhandisi mmoja Mmarekani aitwaye James Sutherland, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Westinghouse mjini Pittsburgh, alikusanya vipande vya tarakilishi vilivyokuwa vimeachwa, akajiundia mtambo wake akauita ECHO IV. Aliuweka katika chumba cha chini ya nyumba yake. Ulikuwa na uzito wa takriban kilo 360. Mtambo huo ulidhibiti joto la nyumba, ukawasha na kuzima vyombo, na kuisaidia familia kuandaa orodha ya vitu vya kununua.

Miaka michache baadaye, mnamo 1969, duka moja la kifahari nchini humo lilitangaza tarakilishi ya jikoni iliyoundwa na kampuni ya Honeywell. Bei yake ilizidi dola 10,000. Mama wa nyumbani alitarajiwa kuzungumza nayo kwa kubonyeza swichi na kusoma majibu kwa taa zinazowaka na kuzimika. Hadi leo hapana ushahidi kwamba hata moja iliwahi kununuliwa kwa ajili ya jiko.

Tofauti ya mitambo hiyo miwili ina funzo. Ule wa dukani ulibuniwa na watu waliokisia mahitaji ya jiko wasilolijua. Ule wa Sutherland uliundwa na mtu aliyejua ni chumba kipi kina baridi na ni chakula gani hukosekana kabatini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wakati huo kazi ya namna hii ilimhitaji mhandisi mwenye mshahara mnono na nyumba yenye chumba cha chini. Hayo yamebadilika kabisa. Mnamo 2005, walimu na wanafunzi wa chuo kimoja cha usanifu katika mji wa Ivrea, Italia, walibuni kibao kidogo cha kielektroniki wakakiita Arduino, kwa jina la baa waliyozoea kukutania. Kusudi lao lilikuwa kumpa mwanafunzi asiye mhandisi kifaa cha bei nafuu cha kujifunzia. Mnamo Februari 2012 ikatoka Raspberry Pi kutoka Cambridge, Uingereza, tarakilishi nzima yenye ukubwa wa kadi ya benki, kwa dola 35. Miaka miwili baadaye kampuni ya Espressif ya Shanghai ikatoa chipu ya ESP8266, inayoweza kuunganisha kifaa cha nyumbani na mtandao bila waya.

Vitu hivi vinapatikana hapa kwetu. Mtu akitembea barabara ya Luthuli jijini Nairobi atavikuta vimepangwa dukani kando ya redio na spika. Wala hatuhitaji vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo nyumba zetu nyingi hazina. Karakana yetu ni meza moja pembeni mwa chumba cha kulala, au kibanda kilichoezekwa mabati.

Acha nitoe mfano mmoja unaoeleweka na kila aliyewahi kuishi mjini. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu. Mwenye nyumba huyakinga katika tangi lililo chini, kisha pampu huyapandisha hadi tangi la juu ya paa. Mtu anayesahau kuizima pampu hugutushwa na maji yanayomwagika ukutani. Kijana wa kidato cha pili anaweza kupewa kazi ya kuunda kifaa cha kuitawala pampu hiyo. Na aanze kwa kuandika sentensi moja ya Kiswahili: "Maji ya tangi la juu yakipungua, pampu iwake."

Sentensi hiyo ni fasaha. Mwalimu wa Kiswahili ataipa alama zote, kwa kuwa ina "ki" ya masharti na kitenzi cha hali tegemezi. Lakini mtambo utaikataa. Yakipungua kiasi gani? Mtu akinawa mikono, maji yamepungua. Pampu itawaka kwa sekunde chache, tangi lijae, izimike, kisha mtu mwingine afungue bomba iwake tena. Mota ya umeme inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida, na mwasho wa kila mara huichosha kwa joto.

Hivyo mwanafunzi atalazimika kuandika upya: "Maji yakishuka hadi robo ya tangi, pampu iwake, na ikishawaka, isizimike mpaka maji yafike karibu na ukingo." Ameweka alama mbili badala ya moja. Bila ya kutajiwa istilahi yoyote, amegundua kanuni ambayo wahandisi huitumia katika jokofu, pasi na mitambo mingi mingineyo. Isitoshe, amegundua kwamba "yakishuka" na "yakiwa chini" ni mambo mawili. La kwanza ni tukio, la pili ni hali. Sisi wanaisimu hujaza kurasa nyingi tukieleza tofauti hiyo. Pampu huieleza kwa dakika moja.

Kazi haijaisha. Je, tangi la chini likiwa tupu? Pampu nyingi za nyumbani hutegemea yale yale maji zinayoyasukuma ili zisipate moto kupita kiasi. Ikizunguka kavu, itaharibika. Basi inahitajika "sipo": "Tangi la chini lisipokuwa na maji, pampu isiwake hata kama la juu ni tupu." Sasa masharti mawili yanagongana, na mwanafunzi hana budi kuamua ni lipi lenye kauli ya mwisho.

Na je, panya akikata waya wa kihisi? Hapa ndipo penye somo zuri kuliko yote. Ikiwa kihisi kimeunganishwa hivi kwamba hupeleka umeme tangi linapojaa, waya ukikatika taarifa ya kujaa haitafika kamwe, na maji yatamwagika usiku kucha. Fundi mwenye hekima huunganisha kinyume. Umeme hupita maadamu tangi halijajaa, na ukikoma, kwa sababu ya kujaa au kwa sababu ya panya, pampu husimama. Kimya kinachukuliwa kuwa amri ya kusimama. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Fundi hujiuliza mapema kimya cha waya kitakuwa na mshindo gani.

Au tuchukue taa ya usalama mlangoni. Mwanafunzi ataandika: "Giza likiingia, taa iwake, mwanga ukirudi, izimike." Atatumia kihisi ambacho ukinzani wake hupungua kinapopigwa na mwanga. Usiku wa kwanza ataona taa ikiwaka na kuzimika bila kukoma kama macho yapepesayo. Kwa nini? Kwa sababu taa yenyewe ni mwanga! Inapowaka, kihisi huamini kumekucha. Sentensi yake haikutaja ni mwanga wa nani. Atakinga kihisi kisiione taa, au atarekebisha sharti. Kwa vyovyote vile, atakuwa amejifunza kwamba neno moja lisilofafanuliwa linaweza kuiharibu kazi nzima.

Fauka ya hayo, Kiswahili kina hazina ambayo fundi yeyote angeitamani. Tunasema taa imezimwa, tukimaanisha kuna aliyeizima. Tunasema taa imezimika, tukimaanisha imefikwa na hali hiyo bila ya kumtaja mtenda. Waya umekatwa, waya umekatika. Swichi imefungwa, swichi imefungika. Kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, ambazo wanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani wa sarufi, ndizo hasa nguzo za uchunguzi wa hitilafu. Mteja akimwambia fundi kwamba kifaa "kimezimwa", fundi atatafuta amri iliyokizima. Akisema "kimezimika", atatafuta waya, fyuzi au betri.

Nimewahi kusimama kando ya kibanda cha fundi wa redio nikimsikiliza akimweleza mwanagenzi wake. Hakutumia sentensi moja ya Kiingereza. Alisema "stima inaingia hapa, inapunguzwa, inachujwa, kisha ndiyo inapanda kwa spika". Maelezo hayo yalikuwa sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kile alichokiita kuchujwa ndicho kazi ya kapasita katika sehemu ya kupokea umeme, nalo neno "kuchuja" linaeleza kazi hiyo waziwazi kwa kila mtu aliyewahi kuandaa chai au tui la nazi.

Sasa mchukue mwanagenzi huyo umweke katika chumba cha mtihani wa fizikia. Nchini Kenya somo hilo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Huenda akashindwa kueleza kwa maandishi jambo ambalo mikono yake hulifanya kila siku. Tutamwita mjinga wa fizikia, ilhali kilichomkwaza ni daraja ya lugha ambayo hatukumjengea.

Najua kuna watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Dai hilo limekwisha kujibiwa zamani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa kaunti ya leo ya Lamu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kufukua maneno ya kale na kuyapa kazi mpya. Neno runinga huhusishwa naye. Nao mafundi hawakuwangoja wataalamu. Waliyachukua maneno ya kigeni wakayafuma katika ngeli zetu: swichi, soketi, fyuzi, transista, rilei. Neno "rilei" halina aibu yoyote. Ni Kiswahili kama vile meza na shule, ambazo nazo zilikuja kwa merikebu.

Wengine watauliza kwa nini mtu ahangaike kutengeneza ilhali vifaa vilivyo tayari vimejaa madukani. Hoja hii ina uzito, nami sisemi kila nyumba iwe karakana. Lakini kinachonunuliwa pamoja na kifaa ni masharti ya aliyekiunda. Mnamo 2014 kampuni ya Nest ilinunua kampuni iitwayo Revolv, iliyokuwa ikiuza kifaa cha kuunganisha mitambo ya nyumbani. Kifaa hicho kilitegemea huduma iliyokuwa mbali, katika tarakilishi za kampuni. Mnamo Mei 2016 huduma hiyo ilifungwa, na vifaa vyote vilivyokuwa majumbani mwa watu vikawa havina kazi. Havikuwa vimeharibika. Havikuwa vimeibwa. Sentensi iliyoviendesha ilifutwa na aliyeiandika, na wenye nyumba hawakuwa na nakala.

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Nyumba ambayo masharti yake yameandikwa na mtu mwingine, kwa lugha ambayo wenyeji hawaisomi, ni nyumba ya kupanga hata kama hatimiliki iko kabatini. Na taifa ambalo vijana wake wanajua kununua tu mitambo inayojiendesha, wasijue jinsi sharti linavyoandikwa, litaendelea kuendeshwa huku likidhani linajiendesha.

Tumewahi kulijaribu jambo la kuwapa wanafunzi ujuzi wa mikono. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mnamo 1985, mojawapo ya shabaha zake ilikuwa hiyo. Wazazi waliombwa kujenga karakana. Lakini mtihani ulipotawala, ufundi nao ukawa somo la kunakili madaftarini, na mwanafunzi aliweza kuchora randa bila ya kuwahi kuishika. Mtaala wa umilisi, uliofika shule za sekondari msingi mnamo 2023, umeleta tena stadi za awali za kiufundi. Tukizifundisha kwa kunakili, tutavuna yale yale.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji idhini ya waziri.

Kwanza, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi washirikiane kwa vipindi viwili tu kila muhula. Wanafunzi waandike masharti ya kifaa kwa Kiswahili sanifu, wayajadili na kuyatilia shaka, kabla ya kuyageuza kuwa programu. Insha ya namna hii itamfunza mwanafunzi umakini wa lugha kuliko insha kumi kuhusu "siku nisiyoisahau".

Pili, chama cha Kiswahili cha shule kiwatembelee mafundi wa mtaani na kukusanya maneno yao. Yaandikwe pamoja na maana zake. Hiyo ni kazi halali ya utafiti, nami najua wanafunzi wa chuo kikuu wanaoandika tasnifu kwa data chache kuliko hizo.

Tatu, usalama uwe somo la kwanza. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240, nao huua. Mwanafunzi afanye kazi na betri, au na volti 5 hadi 12, na alama za tangi azijaribie katika ndoo. Ajue pia kwamba kibao hakibebi kila mzigo: mguu mmoja wa Arduino Uno haufai kutoa zaidi ya miliampea 20 hivi, ilhali koili ya rilei ndogo ya volti 5 huhitaji kama 70, ndiyo maana huwekwa transista kati yao. Na wakati wa kuunganisha pampu yenyewe na umeme wa nyumba ukiwadia, aitwe fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Katika kazi hii, kijana jasiri asiye na hadhari ni wa kuhofiwa.

Gharama ya yote haya si kubwa. Shule isiyoweza kununua hata kibao kimoja inaweza kuanza na betri, balbu ya tochi, kipande cha waya na swichi iliyotolewa katika redio mbovu. Saketi ya kwanza iliyowaka mikononi mwa mtoto humfunza kwamba ulimwengu una sababu na matokeo, na kwamba sababu hizo zinaweza kuandikwa na mtu kama yeye.

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, na tangu 2021 UNESCO imeitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Heshima hizo ni njema. Hata hivyo, lugha hukua kwa kutumiwa kazini zaidi ya inavyokua kwa kushangiliwa. Siku mwanafunzi wa Kitui au Kakamega atakapomweleza mwalimu wake kwa Kiswahili, bila kusita, kwa nini pampu yake husimama waya unapokatika, tutakuwa tumeipatia lugha hii sherehe iliyo bora.

Ewe mwanafunzi, utakapoona lango likifunguka bila ya kuguswa, usishangae tu. Uliza: ni nani aliyeandika "ki" hiyo, na alisahau "sipo" gani?